Kura Nilizomwandikia Mume Wangu

"Achia begi, wifi."

"Siachii. Achia wewe."

"Begi hili nimelinunua mimi."

"Na mwenye hizo nguo nimembeba mimi mgongoni kabla wewe hujazaliwa. Achia!"

Tulikuwa sebuleni, kila mmoja ameng'ang'ania mkono mmoja wa begi. Wanawake wazima wawili: mmoja mkunga mstaafu wa miaka sitini na mbili, mwingine mtu wa maabara mwenye stashahada iliyotundikwa ukutani. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili kasoro asubuhi. Mume wangu alikaa katikati yetu kwenye kochi, anafunga kamba za viatu vya mpira kana kwamba ugomvi ule ni wa nyumba ya jirani.

"Nani kakuita?" nikamuuliza wifi.

"Mwanao."

Hapo nikaachia. Wifi akarudi nyuma hatua mbili, akajikuta amekalia meza ya televisheni.

Binti yangu wa kidato cha pili alisimama mlango wa jikoni, amekumbatia ufagio. Hakukana.

"Nilimpigia shangazi Alhamisi," akasema. "Baba alipoanguka bafuni, ukaniambia ameteleza kwa sabuni. Mama, sabuni iliisha Jumatano."

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua nilikotoka. Mnajua mume wangu ni fundi majokofu, na alikunywa mpaka karakana ikafungwa na mafundi wake wakahamia kwa washindani. Mnajua siku alipotolewa wodini akaapa, na akakaa miezi kumi na minne bila kugusa hata povu. Wiki iliyopita niliishia pale alipotangazwa Mchezaji Bora wa klabu yetu, watu wakambeba juu juu, na nikasema nyumba yangu ilianza kuungua upya siku ile.

Sikuwaambia nani aliyewasha kiberiti. Nilikuwa na aibu. Leo aibu imekwisha, imebaki hasara tu, kwa hiyo nasema.

Klabu yetu inaitwa Jezi na Jagi. Tupo thelathini na mmoja, wanawake kwa wanaume, wengi wamevuka arobaini, magoti yamefungwa bandeji na vitambi vinapigania nafasi ndani ya jezi. Kila baada ya wiki mbili tunakodi basi kwenda mji mwingine. Asubuhi tunacheza mpira wa miguu na wenyeji, mchana netiboli na wavu, jioni tunaonja pombe ya mji huo. Mji huu ya mtama, mji ule ya ndizi, mwingine ya asali.

Nahodha wetu, mwalimu wa hesabu, ana msemo wake: "Mji hujaujua mpaka wenyeji wamekufunga magoli na wakakupa kikombe."

Mtauliza, mtu aliyeacha pombe alitafuta nini kwenye klabu yenye neno jagi kwenye jina lake?

Alipelekwa na mimi. Daktari alisema apate mazoezi na apate watu. Nikampa mazoezi, nikampa watu, na lile jagi nikajifanya silioni. Mimi nilikuwa tayari ni mwanachama. Nacheza mlinzi wa goli kwenye netiboli, urefu sina lakini viwiko ninavyo. Nikaona tutakwenda wote, nitamwangalia.

Yeye aliniomba kitu kimoja tu.

"Wasijue kwamba nimeacha."

"Kwa nini? Ni jambo la kujivunia."

"Wakijua watanionea huruma. Huruma inanikausha koo kuliko kiu yenyewe."

Basi kila safari nilimchemshia chai ya rangi, nikaipoza, nikaitia kwenye chupa ya chai. Jioni watu wakimimina, naye anamimina. Rangi ni ile ile. Miezi kumi na minne alikunywa chai katikati ya walevi, anagonga vikombe, anaimba nyimbo zao, na hakuna aliyenusa.

Walichokijua ni kwamba ni kipa mbovu. Walimwita Mlango Wazi.

Mlango Wazi! Jina lilitoka uwanjani likaingia sokoni, likafika hospitalini kwetu. Naingia maabara asubuhi, mwenzangu wa zamu hajanisalimu: "Mlango Wazi kafungwa ngapi jana?" Binti yangu akarudi siku moja kutoka shule analia, wamemchorea goli ubaoni. Nami nilimwona mume wangu kwa macho yangu akidaka mikwaju ya kutisha kipindi chote, halafu dakika za mwisho mpira wa kubembeleza unampita katikati ya miguu kama kuku anayeingia bandani.

Iliniuma. Niseme ukweli, iliniuma kwa ajili yangu kuliko kwa ajili yake.

Sasa, jagi. Kila safari klabu nzima inapiga kura kwa vikaratasi, kumchagua mchezaji bora. Aliyeshinda anakaa kiti cha mbele wakati wa kurudi, anapewa hati yenye idadi ya kura zake, na analimaliza jagi la pombe ya mji huo kwa pumzi moja mbele ya wenyeji. Huruhusiwi kulikataa. Aliyewahi kulikataa alihama klabu.

Na mhesabu kura na mwandishi wa hati nilikuwa mimi. Walinichagua kwa sababu ni mtu wa vipimo. "Shemeji hata tone la damu anajua ni la nani," Nahodha aliwaambia. Ni kweli. Miaka kumi na minane maabara, sijawahi kuchanganya lebo ya mgonjwa mmoja na mwingine.

Siku ile tulishinda matatu kwa moja. Fundi cherehani wetu alifunga yote matatu, mtu mwembamba kama uzi wake. Mume wangu alidaka mpaka wenyeji wakaanza kumpigia makofi. Halafu, dakika ya mwisho, kama kawaida: mpira wa kubembeleza, katikati ya miguu. Uwanja mzima ukaimba, "Mlango Wazi! Mlango Wazi!" Naye akacheka, akauokota nyavuni.

Nikaenda nyuma ya basi na kopo la kura. Nikafungua vikaratasi. Fundi cherehani, ishirini na sita. Wengine, nne. Mume wangu, moja.

Ile moja ilikuwa yangu.

Nilikaa pale kwenye ngazi ya basi nikatazama ile moja. Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye karatasi ya matokeo: Mlango Wazi, kura kumi na tisa. Vikaratasi nikavirarua, nikavitia kwenye soksi zangu za mchezo.

Msidhani sikufikiria jagi. Nina stashahada, nilipanga. Jagi huwa nalijaza mimi. Ningetia chai, ningelitikisa mpaka lipate povu, angelimaliza mbele ya watu, jina la Mlango Wazi lingekufa, na tungerudi nyumbani salama. Mpango ulikuwa safi. Kasoro yake, haukuwauliza wenyeji.

Nahodha alipotangaza, watu walinyamaza kwanza, halafu wakalipuka. Watu wanapenda mnyonge akishinda. Wakambeba. Mimi nimeshika jagi langu la chai, najipenyeza, nikakuta mpika pombe wa mji ule, mama mnene mwenye sauti ya mbiu, ameshapita mbele yangu na jagi lake mwenyewe.

"Hilo la kwako peleka kwa wachezaji wa kawaida," akaniambia. "Huyu nimemchemshia mimi, siku nne nzima. Mkono wangu haurudi na jagi lililojaa!"

Akamkabidhi. Watu wakaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja.

Mume wangu alilishika kwa mikono miwili. Hakulitazama. Alinitafuta mimi kati ya watu, akanipata, akanitazama.

Nilikuwa na maneno manne tu ya kusema: mume wangu hanywi pombe. Manne. Mtoto wa chekechea angeyasema. Lakini nikaona nyuso zikigeuka. Nikaona maswali, halafu nani alimpigia kura, halafu soksi zangu. Nikamwona akirudi kuwa Mlango Wazi na juu yake aliyekuwa mlevi.

Nikamwitikia kwa kichwa. Kunywa.

Akanywa. Kwa pumzi moja.

Safari nzima ya kurudi alikaa kiti cha mbele, akichekesha basi zima. Alimwigiza Nahodha anavyokimbia, akamwigiza mwamuzi, akaniigiza mimi na viwiko vyangu. Dereva alilazimika kusimama kando ya barabara afute machozi. Na mimi nilicheka. Mbavu ziliniuma kwa kicheko. Nilikuwa sijamsikia mume wangu akichekesha kwa miezi kumi na minne.

Yaliyofuata mnayajua hata nisipoyaandika. Jumatatu moja, "ya kupoza koo". Jumatano tatu. Safari iliyofuata alikunywa mbele yangu, mbele ya wote, na nani amzuie Mchezaji Bora? Jina jipya wakampa: Chuma. Wiki ya nane akaanza kunywa kabla ya chai ya asubuhi. Wiki tatu zilizopita nilimtoa damu mwenyewe, nikaandika lebo mwenyewe, nikaiingiza kwenye mashine. Matokeo ya ini yalipotoka nilirudia kipimo. Nikarudia tena. Mashine haina huruma, ikanipa namba zile zile.

Daktari alizisoma, akavua miwani. "Akiendelea hivi, mwaka hatuumalizi naye," akasema. "Nakwambia wewe kwa sababu ni mwenzetu."

Sasa turudi sebuleni.

Wifi alijiinua kutoka kwenye meza ya televisheni, akajifunga kanga yake upya, ishara kwamba mchezo umekwisha.

"Basi la saa nne nimeshakata tiketi mbili," akasema. "Ninakwenda naye kwangu. Kwangu hakuna mpira, hakuna jagi, kuna uji na mimi."

"Siendi," mume wangu akasema bila kuinua kichwa. "Leo tuna mechi."

"Mechi! Wewe macho yamekuwa ya manjano, unasema mechi?"

"Dada, nina miaka arobaini na nane."

"Na ini lina ngapi?"

Wifi akanigeukia mimi.

"Nataka kujua kitu kimoja kabla sijaondoka. Mdogo wangu alikaa mwaka na zaidi hajagusa. Alikuja kwenye arobaini ya mume wangu, watu wamejaa, vinywaji tele, akashika maji. Nani alimrudisha? Nani alimpa ile ya kwanza?"

"Hakuna aliyenipa," mume wangu akasema. "Nilishinda."

"Ulishinda nini?"

Akaonyesha ukutani kwa kidole, kando ya stashahada yangu. Hati ya Mchezaji Bora, ndani ya fremu aliyoinunua mwenyewe. "Watu kumi na tisa walinipigia kura. Ningewatemea mate?"

Wifi akaisogelea ile hati, akaisoma taratibu. Amesoma kadi za kliniki miaka arobaini, mwandiko haumpiti. Akaitazama hati. Akaitazama saini yangu kwenye stashahada. Akanitazama mimi.

Sikumsubiri aseme.

"Hukushinda," nikamwambia mume wangu.

Ufagio wa binti yangu ukaanguka jikoni.

"Ulipata kura moja. Yangu. Aliyeshinda ni fundi cherehani, ishirini na sita. Kumi na tisa niliziandika mimi, nyuma ya basi. Nilichoka kuitwa mke wa Mlango Wazi."

Nilitegemea anitukane. Nilitegemea hata anipige, ingawa hajawahi. Alimalizia fundo la kiatu cha kushoto, akalikaza.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua ni wewe. Nilijua palepale lilipotajwa jina langu."

"Ulijuaje?"

"Mama watoto, mtu kafunga magoli matatu. Mimi nimefungwa kati ya miguu dakika ya mwisho. Nani mwingine mwenye akili timamu angenipa kura? Na lile goli niliachia mwenyewe."

Nikakaa chini. Sikuchagua pa kukaa, nilikalia begi.

"Uliachia?"

"Siku zote nikiona nimedaka sana, na watu wameanza kunipigia makofi, naachia moja. La kijinga. Watu wanacheka, kura zinakwenda kwingine, jagi linapita mbali." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu mwenye meno yanayomuuma. "Si yote. Mengine nilifungwa kweli. Mimi nami si kipa wa kuandikwa magazetini."

Miezi kumi na minne. Yale magoli niliyoyaonea aibu sokoni, niliyomtetea kwa kuinamisha uso, ndiyo yaliyokuwa yanamweka hai. Alijijengea ukuta kwa matope ya kuchekwa, nami nikaubomoa ili watu wamwone vizuri.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ungenihurumia."

Wifi aliweka kiganja mdomoni. Lakini mimi nilikuwa bado na swali moja, na ningekuwa na akili nisingeliuliza.

"Kama ulijua ni mimi, na ulijua kura ni za uongo, kwa nini ulikunywa?"

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza wapi?"

"Palepale. Nilikutazama. Nikasema moyoni, huyu ndiye anayenichemshia chai, anajua kilichomo humu. Akikataa, nalimwaga, liwalo na liwe. Ukaniitikia kunywa." Akashusha pumzi. "Nikaona basi. Amechoka na mimi huyu mkavu. Anamtaka yule wa zamani. Hata kura ameiba ili ampate."

"Si kweli!"

"Ulimwambia mdogo wako kwenye simu. Nilikuwa nabadilisha balbu ya ukumbini. Ulisema, tangu aache amekuwa kama jiwe la kusagia, lipo tu, halisemi."

Ni kweli, nilisema. Na nilisema nikicheka.

Na kwenye basi siku ile, alipokuwa akiniigiza na viwiko vyangu, nilifikiri nini, mimi mke mwema? Nilifikiri: karibu nyumbani.

Honi ikalia nje. Ndefu, halafu mbili fupi. Basi la Jezi na Jagi. Safari hii wanapitia mlangoni, kwa heshima ya Chuma.

Mume wangu akasimama. Ilibidi ashike mkono wa kochi.

"Nitakwenda," akasema. "Nitacheza. Sitakunywa."

"Utakunywa," wifi akasema.

"Utakunywa," nikasema.

"Mama," binti yangu akasema kutoka mlangoni, "mwambie asiende."

Nikamwambia asiende. Nikamwambia aende na dada yake, wiki nne, nane, mpaka damu isafike. Akasema yeye si mtoto aliyefukuzwa shule apelekwe kwa shangazi. Nikamwambia basi abaki, aende kesho, lakini kwenye basi lile asipande. Akasema klabu ndiyo watu pekee waliobaki wanaomwita kwa jina zuri, hata kama jina lenyewe nimelipika mimi. Akachukua glavu zake.

"Ukipanda," nikasema, "nitapanda na mimi, na nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

"Yote. Kura. Chai ya rangi. Miezi kumi na minne. Ini. Wakijua, hakuna atakayekumiminia. Nahodha atamkata mikono atakayejaribu."

Uso wake ukabadilika. Nimeishi naye miaka kumi na tisa, nimemwona amelewa, amelazwa, amefilisika. Sijawahi kumwona na hofu kama ile.

"Usifanye hivyo."

"Nitafanya."

"Mke wangu, nakuomba. Nimekusamehe kura. Nimekusamehe na lile lingine. Lakini hilo usifanye. Wataniangalia kama maiti anayetembea. Wataanza kunishikia mkono nikishuka ngazi."

"Afadhali wakushike mkono kuliko wakubebe."

"Ukiwaambia," akasema polepole, akihesabu maneno, "mimi na wewe basi. Humu ndani hunioni tena. Naapa kwa huyu mtoto."

Honi ikalia tena. Mtu akapaza sauti kutoka dirishani mwa basi: "Chuma! Au mama kakufungia kabatini?" Basi zima likacheka.

Mimi si mtu wa kufikiri sana. Maabara haikufundishi kufikiri sana. Inakufundisha kusoma namba na kufanya linalofuata. Namba zake nilikuwa nazo kichwani, zote, na nukta zake. Nikaziweka upande mmoja. Upande wa pili nikaweka ndoa yangu, kitanda changu, kicheko chake kwenye kiti cha mbele.

Nikamtazama wifi. "Begi lishike," nikamwambia. "Dawa zake zipo mfuko wa pembeni. Vidonge vya njano ni baada ya kula."

Nikatoka.

Nikapanda basi na kandambili, kanga juu ya gauni la kulalia.

"Haa! Shemeji leo unacheza namba ngapi na hiyo jezi?" fundi cherehani akaniuliza.

"Kaa chini, nina mambo matatu," nikasema.

"Mambo matatu! Kama hotuba ya bajeti." Wakacheka. Nahodha akawanyamazisha kwa kupiga kiti, kama darasani.

"La kwanza. Mchezaji bora wa ile safari ya pombe ya siku nne hakuwa mume wangu. Ni wewe, fundi. Kura ishirini na sita. Nilizirarua, nikaandika zangu."

Kicheko kikubwa kuliko cha kwanza. Walidhani nawatania. Fundi cherehani akaruka juu: "Nilisema! Si nilisema? Jagi langu liko wapi?"

"La pili. Mume wangu aliacha pombe. Miezi kumi na minne alikuwa hanywi. Mlichokuwa mnagonga naye vikombe ilikuwa chai ya rangi. Jagi lile ndilo lililomrudisha, na jagi lile alilipata kwa kura zangu. Ini lake limekwisha kuharibika kiasi ambacho daktari amehesabu miezi. Nimelipima mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Nyuma kabisa, mmoja wa wenzangu wa netiboli alianza kulia kwa sauti ndogo, kama mtu anayepiga chafya.

"Shemeji," Nahodha akasema, na sauti yake ya ualimu ilikuwa imemkimbia, "mimi juzi nimempelekea chupa mbili pale kijiweni kwake. Nilimpelekea kama zawadi. Mbona hatukuambiwa?"

Kabla sijamjibu, niliona kitu kupitia kioo cha dirisha nyuma yake.

Mume wangu alikuwa ametoka. Hakuja upande wa basi. Alishika njia ya chini, ya kwenda kituo cha mabasi ya mikoani, begi amelibeba mwenyewe begani, viatu vya mpira vinagonga lami. Wifi alikuwa nyuma yake, anakazana kumfikia. Binti yangu alisimama getini na ufagio, anatazama huku, anatazama kule, hajui amfuate nani.

Alikuwa amekwenda. Kwenye uji, kwenye maisha, na mbali na mimi. Alifika kwenye kona ya duka la vipuri. Hakugeuka.

"Mama," dereva akaniambia kwa upole, mkono uko kwenye gia, "unashuka, au tunakwenda?"

"Zima injini," nikamwambia. "La tatu bado."

Akazima. Jozi thelathini za macho zikanitazama.

"La tatu," nikasema, "nilimpenda zaidi akiwa amekunywa. Na yeye alilijua hilo kabla yangu."